MASENO INAULIZA: TUNAMLIPA NANI, NA ANATUPA NINI?

Tuambiane ukweli, ndugu msomaji. Kila mara makusanyo ya ushuru yanapokuwa chini ya lengo, wimbo ni ule ule: wafanyibiashara wanaficha mauzo, wenye nyumba za kupangisha hawajitokezi, mama mboga hana risiti. Na dawa ni ile ile: mfumo mpya, faini mpya, msako mpya. Swali la kwanza haliulizwi kamwe. Huyu mtu unayemdai, anakuamini?

Sisi tunasema hivi: mfanyibiashara hulipa kodi kwa kadiri anavyomwamini anayemdai. Imani ikiwepo, atalipa hata siku ambayo hakuna askari mlangoni. Isipokuwepo, atalipa siku ya msako tu, na siku nyingine zote atatafuta mlango wa nyuma. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho yako, njoo Maseno.

MJI MMOJA, WADAI WAWILI

Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Busia, Maseno iko pale unapovuka Ikweta. Mji wenyewe si mkubwa. Kuna chuo kikuu, kuna shule kongwe ya wavulana, kuna hosteli za wanafunzi, vibanda vya chipo, maduka ya fotokopi, M-Pesa, bodaboda na kina mama wa mboga na omena. Chuo kikifunguliwa mji unachangamka, chuo kikifungwa mji unalala. Biashara ya hapa ni ya kuhesabu shilingi moja moja.

Mstari wa Ikweta unapita hapa na hakuna anayeubishania. Mstari wa kaunti ndio vita. Kwa miaka mingi sasa, Kisumu na Vihiga zimeuvuta mji huu huku na huku, kila moja ikisema ni wake, na kinachogombaniwa zaidi ni ushuru wake. Asili ya ugomvi ni mipaka ya majimbo iliyochorwa kabla ya uhuru, lakini anayeumia ni mtu aliyefungua duka asubuhi ya leo.

Weka nafsi yako pale. Una duka la unga, sukari na sabuni. Umelipia leseni kwa kaunti moja. Halafu anakuja mwingine na kitabu chake cha risiti: "Mama, hiyo karatasi yako huku haitambuliki." Utafanya nini? Ukimlipa na huyu, umelipa mara mbili kwa duka moja. Ukikataa, vitu vyako vinabebwa. Ukimpa soo mbili aende zake bila kuandika chochote, umenunua amani ya siku moja, na hakuna kaunti iliyopata hata ndururu. Hilo la tatu ndilo rahisi zaidi. Na hapo hapo ndipo kodi ya Kenya inapofia.

Ugomvi wa mpaka una tabia yake. Linapokuja suala la kukusanya, wote wawili ni wenye mji. Linapokuja suala la kuzoa taka, mji ni wa jirani. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, nasi tunajua nyasi ni nani.

Ati hakuna sheria? Ipo. Kifungu cha 209(5) cha Katiba kinasema mamlaka ya kaunti ya kutoza ushuru hayatatumika kwa njia inayodhuru shughuli za uchumi zinazovuka mipaka ya kaunti. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Kifungu cha 188 kimeeleza mpaka wa kaunti unabadilishwaje: kwa tume huru na kwa azimio la Bunge la Taifa na la Seneti. Kwa hivyo mpaka hauamuliwi na kanjo aliyeshika kitabu cha risiti kando ya barabara.

WALIOTUTANGULIA WALIULIZA SWALI HILI HILI

Usidhani swali hili limeletwa na vijana wa simu. Lilianzia papa hapa, miaka zaidi ya 100 iliyopita.

Mwaka 1920 Kenya iligeuzwa kuwa koloni. Kodi ya kibanda na ya kichwa ilipandishwa hadi kufikia shilingi 16, kipande kikaletwa, watu wakalazimishwa kufanya kazi, na huduma hazikuonekana. Desemba 1921 umati mkubwa ulikutana Lundha, Gem. Miongoni mwa waliouongoza ni Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor na Simeon Nyende, vijana waliolelewa na elimu ya misheni ambayo kitovu chake kilikuwa Maseno, shule iliyoanzishwa mwaka 1906. Wakaunda chama, na wananchi wakakiita Piny Owacho, yaani nchi imesema.

Nchi ilisema nini? Haikusema hatulipi. Ilisema kodi ipunguzwe, kambi za kazi za kulazimishwa ziondolewe, na kodi hiyo hiyo ijenge shule ya serikali. Mwaka 1922 gavana alikuja akakutana nao Nyahera, na kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Mwaka 1923, mmishonari W. E. Owen akakisimamia chama kile kikapewa jina jipya: Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo. Wapo wanaosema alikipoza makali, na huenda ni kweli. Lakini litazame jina lenyewe. Watu ambao hawakuwa na kura, walionyang'anywa hata hadhi ya kuwa na ardhi yao, walijitambulisha kama walipa kodi. Walijua kwamba anayelipa ana haki ya kuuliza.

Mkoloni alikusanya kwa bunduki na bado alilazimika kuja Nyahera kujibu. Itakuwaje serikali tuliyoipigia kura?

MASWALI MANNE YA MWENYE DUKA

Wataalamu wana maneno yao. Mwenye duka ana maswali manne, na kila siku anapofunga hesabu anajijibu mwenyewe kimyakimya.

La kwanza: pesa yangu inaenda wapi?

Kenya ililipa mabilioni katika Goldenberg, fidia ya mauzo ya nje ya dhahabu na almasi ambazo nchi haikuwa nazo. Ikaja Anglo Leasing. Ikaja NYS. Mwaka 2020, watu wakiwa wanakufa kwa Covid, ikaja KEMSA. Kila mwaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anaandika ripoti, kila mwaka tunaisoma, na kila mwaka wale wale wanapanda cheo. Mtu akikwepa kodi baada ya hayo yote, usiseme hana uzalendo. Sema ana kumbukumbu.

Ndiyo maana Juni 2024 vijana walijaa barabarani kutoka Nairobi hadi Kisumu kupinga Mswada wa Fedha, uliotaka VAT ya asilimia 16 kwa mkate na kodi ya asilimia 2.5 kwa magari. Tarehe 25 Juni wakaingia Bungeni. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Katikati ya hayo makumi ya Wakenya waliuawa, na hatutawasahau. Sikiliza vizuri walichokuwa wakiuliza: mnazipeleka wapi? Hilo ni swali la mtu ambaye bado anataka kulipa serikali inayofaa. Siku watakapoacha kuuliza, hapo ndipo uogope.

La pili: jirani yangu naye analipa?

Chukua hosteli mbili karibu na chuo. Kila moja ina vyumba 20, kila chumba shilingi 4,000 kwa mwezi. Hiyo ni 80,000 kwa mwezi, 960,000 kwa mwaka. Tangu Januari 2024 kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha ni asilimia 7.5, imeshushwa kutoka 10. Mwenye hosteli ya kwanza amejisajili, analipa 72,000 kwa mwaka. Wa pili hajajisajili, halipi kitu. Gawanya 72,000 kwa vyumba na miezi: ni shilingi 300 kwa kila chumba kila mwezi. Yule asiyelipa anaweza kupangisha kwa 3,700 na bado akabaki na pesa sawa na mwenzake. Mwanafunzi ataenda wapi? Kwa 3,700, bila shaka.

Sasa huyu aliyelipa utamwambia nini? Ameadhibiwa kwa kuwa mwaminifu. Mwaka ujao naye atajificha, na kosa si lake peke yake. Serikali inayofuata wale wale iliowasajili na kuwaacha waliojificha inafundisha watu kujificha. Na hapo bado hatujagusa wakubwa wenye mawakili na marafiki. Kifungu cha 210(3) kinasema hakuna sheria inayoweza kumtoa afisa wa serikali katika kulipa kodi. Mwenye duka amekisoma. Anangoja kukiona.

La tatu: sheria ya leo itakuwepo kesho?

Hebu fuatilia walichomfanyia mfanyibiashara mdogo. Januari 2019, akaambiwa alipe asilimia 15 ya ada ya leseni yake ya kaunti. Januari 2020, akaambiwa alipe asilimia 3 ya mauzo yote. Aprili 2020, imekuwa asilimia 1. Julai 2023, imerudi asilimia 3, kwa wanaouza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Mara nne ndani ya miaka mitano, mtu yule yule, duka lile lile.

Na kumbuka, hii ni asilimia 3 ya mauzo, si ya faida. Tuseme unauza bidhaa za milioni 2 kwa mwaka, na katika kila shilingi 100 unabakiwa na 5. Faida yako ni 100,000. Asilimia 3 ya milioni 2 ni 60,000. Umefanya kazi mwaka mzima, ukabaki na 40,000. Ilipokuwa asilimia 1, ungelipa 20,000 ukabaki na 80,000. Unga hauna faida ya kuzidi hapo, kila mwenye duka anajua. Anayeandika sheria kama hii hajawahi kuuza unga. Na mtu akiona sheria imetungwa na asiyemjua, haihesabu kuwa yake. Anaikwepa kama anavyokwepa shimo barabarani, bila kinyongo na bila aibu.

La nne: nikiidai serikali, nitalipwa?

Hili ndilo linaloua watu kimya kimya. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zinaonyesha kaunti za Kenya kwa pamoja zina madeni ya wafanyibiashara yanayozidi shilingi bilioni 100. Hayo si madeni ya benki za ng'ambo. Ni ya mtu aliyeleta saruji, aliyeleta dawa, aliyepika chakula cha semina, aliyechimba mtaro.

Ona jinsi unavyobanwa. Umesajiliwa kwa VAT, umepeleka kaunti mabati ya shilingi milioni 1. Unaandika ankara ya 1,160,000, maana VAT ni 160,000. Kwa sheria, ukishatoa ankara, VAT inadaiwa, na siku ya mwisho ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Unaondoa VAT uliyolipa ulipoyanunua mabati, kilichobaki unapeleka KRA. Kaunti imekulipa? Bado. Mwezi wa pili, bado. Mwaka, bado. Serikali moja imekaa na pesa zako, serikali nyingine inakudai kodi ya pesa ambazo hujaziona. Ukichelewa, unapigwa faini na riba. Wao wakichelewa, unaambiwa "fuatilia ofisi ya fedha". Benki inauza shamba lako. Halafu anatokea mheshimiwa kwenye runinga anakuhubiria uzalendo!

Kodi ni amana. Mtu hawezi kuvunja amana kila mwaka, kisha kila mwaka akadai aaminiwe upya.

BASI TUSILIPE?

Hapana. Hapa tunataka tuelewane vizuri, maana wapo watakaosoma hadi hapa wakashangilia kwa sababu isiyo sawa.

Wizi wa serikali haumpi mwenye duka ruhusa ya kuwa mwizi mdogo. Ukiacha kulipa, tajiri hataumia. Yeye hutibiwa hospitali ya kibinafsi na watoto wake husoma kwingine. Atakayeumia ni mama aliyekwenda zahanati akaambiwa akanunue glavu. Atakayeumia ni jirani yako mwaminifu wa ile hosteli. Na utaumia wewe, kwa sababu aliyetoa soo mbili za chini ya meza hawezi kesho kusimama kwenye baraza kuuliza barabara iko wapi. Mdomo wake umeshanunuliwa, tena kwa pesa zake mwenyewe.

Wala hatusemi KRA wasifuatilie wakwepaji. Wafuatilie, waanze na wakubwa. Tunachokataa ni ile dhana kwamba nguvu peke yake itajaza hazina. Huwezi kuweka afisa kwenye kila kibanda kutoka Maseno hadi Dunga. Unaweza kukata mshahara wa mwalimu kabla haujamfikia, lakini huwezi kukata mauzo ya mama wa omena ambayo hakuna aliyeyaona isipokuwa yeye na mnunuzi. Kodi yake unaipata kwa hiari yake tu. Na hiari hailetwi na faini.

Wengine watasema: watu walipe kwanza, huduma zitafuata. Wimbo huo tumeuimba tangu uhuru. Mwenye duka hatoi bidhaa kwa mkopo kwa mteja ambaye hajawahi kulipa deni hata mara moja. Kwa nini yeye atarajiwe kuikopesha serikali imani kila mwaka? Aliyevunja ndiye anayeanza kutengeneza.

TUNACHODAI

Madai yetu si makubwa. Hayahitaji mkopo wa IMF.

Kwa kaunti za Kisumu na Vihiga: wakati suala la mpaka linasubiri njia ya Katiba, kaeni chini. Kifungu cha 189 kinaziruhusu kaunti kushirikiana na hata kuunda kamati za pamoja. Leseni moja, risiti moja, itambuliwe pande zote mbili za barabara. Na bango moja sokoni, liandikwe kila miezi mitatu: Maseno tumekusanya kiasi hiki, tumefanya hiki na hiki. Ikweta ina bango. Ushuru wetu pia upewe lake.

Kwa kaunti zote: lipeni wafanyibiashara wadogo kwanza, na orodha ya wanaodai iwekwe wazi, ili tuone nani analipwa na nani anarukwa.

Kwa Bunge na KRA: asiyelipwa na serikali asidaiwe VAT ya ankara hiyo hadi alipwe. Na kodi ya mfanyibiashara mdogo ikishawekwa, iachwe ikae. Acheni kumchezea kila Juni.

NA WEWE, FANYA HAYA

Usingoje kiongozi. Waliokutana Lundha hawakungoja.

1. Dai risiti kila unapolipa, hata kama ni ushuru wa meza ya soko. Andika jina la aliyepokea na tarehe. Asiye na risiti hana haki ya kupokea.

2. Andika barua kwa kaunti kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Uliza swali moja tu: soko letu mwaka uliopita lilileta shilingi ngapi, na zilitumikaje? Wana siku 21 za kujibu. Huhitaji wakili wala huhitaji kueleza sababu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman.

3. Soma ripoti za Msimamizi wa Bajeti kuhusu kaunti yako. Zinatoka kila robo mwaka na ni bure. Kama Kiingereza chake kinakuchosha, tafuta mwanafunzi pale chuoni akusomee. Maseno haina uhaba wa wasomi.

4. Mswada wa fedha wa kaunti ukiletwa kwa maoni ya umma, nendeni kwa kundi. Huko ndiko ada ya kibanda chako inakopangwa. Kwa sheria, bunge la kaunti linaupitisha ndani ya siku 90 baada ya kupitisha bajeti, kwa hivyo msiseme hamkujua ni lini. Mkienda watatu mtapewa soda na kusahauliwa. Mkienda 200 mtasikizwa.

5. Kisha lipa. Lipa unachodaiwa kihalali, uweke risiti yako mahali pazuri. Hiyo risiti ndiyo silaha yako. Mwenye nayo anaweza kusimama mbele ya gavana yeyote akauliza bila kutetemeka.

Serikali ikitaka kujua kwa nini hazina haijai, isiende kwa wataalamu wa ng'ambo. Ije Maseno, iketi kwenye benchi la duka, imwulize mwenye duka kwa heshima. Atawaambia. Ameshika risiti mbili mkononi, na bado taka ziko mlangoni.